Ufagio wa Bi Mwanakombo

Mjinga wa siku ile nilikuwa mie. Nalisema mwenyewe mapema, maana hapa Temeke watu wananong'ona kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara.

Mie ni Kasiani, mchonga mbao. Nimezaliwa Newala, nimekula biskuti ngumu za jeshi kule Burma, nikarudi na buti, blanketi moja, na mkono wa kulia uliojifunza kutetemeka. Si kila wakati. Ukiniacha na patasi yangu nimetulia, naweza kumchonga mbu mpaka kope. Lakini nikikasirika, au mtu akinisimamia kichwani, mkono unaanza kucheza ngoma peke yake, wala hauulizi kama kuna harusi.

Mwaka huo Waingereza bado walikuwa wanapigiwa tarumbeta huko mjini, na sie huku nje ya mji tunajenga nyumba za udongo na kuzipaka chokaa. Mie na mke wangu Bernadeta tulikuwa tumehamia chumba kimoja katika nyumba ya Bi Mwanakombo. Mama wa Kizaramo, mfupi, mpana, aliyezika waume wawili na kumfukuza wa tatu. Hakuwa na maneno mengi, lakini machache aliyokuwa nayo yote yalikuwa na ncha.

Kazi niliyokuwa nayo ilikuwa ya Bwana Jamali, mwenye duka la vitambaa. Alikuwa anamaliza nyumba yake Kinondoni, binti yake aolewe humo, akataka mlango wa maana. Pale juu ya mlango alitaka ua kubwa la duara, lenye petali kumi na sita, ndani yake ua lingine dogo, na ndani ya hilo lingine tena. Nilichukua ubao wa mninga, nikapima kwa bikari, nikaanza. Petali ya tisa, Bwana Jamali akaja kunisimamia. "Fundi, tutawahi? Fundi, mbona hapa kama pamepinda?" Mkono ukaanza ngoma yake. Patasi ikaruka, ubao ukapasuka kutoka ukingoni mpaka katikati.

Bwana Jamali hakunifokea. Angenifokea ingekuwa nafuu. Alileta ubao wa pili, akauegemeza ukutani taratibu.

"Bwana Kasiani, mninga mwingine wa upana huu sina. Harusi bado siku kumi na mbili. Huu nao ukipasuka, kazi nampelekea Adelard."

Adelard ni fundi wa Kinondoni. Mkono wake mzuri, mdomo wake mzuri zaidi. Mlango ule ukifika kwake, kabla ya Ijumaa kila aliye na nyumba ya kujenga angesikia kwamba mkono wa Kasiani umekufa. Na nani anampa ubao mchongaji mwenye mkono uliokufa? Ningebaki kuchonga miiko na mbuzi za nazi.

Basi nikawa nakaa kibarazani na ubao wangu mapajani, naogopa kuugusa. Na hapo ndipo nilipoanza kumtazama Bi Mwanakombo vizuri.

Kila asubuhi, jua likishachomoza, alichota maji kwa kata mtungini, akajaza funda mashavu yote mawili, akashuka uwanjani na ufagio wake wa chelewa. Katikati ya uwanja palikuwa na jiwe jeupe. Alianza pale, anazunguka, anafagia kuja nje, mduara juu ya mduara, chelewa zikichora mistari mchangani kama nyuzi za mkeka. Akifika pembeni anarudi kwa mikupuo mifupi ya ufagio, inatokea mikunjo kama petali. Ukimwamkia, kimya. Akimaliza anakwenda kwenye shina la mpapai, anatema yale maji, ndipo anageuka.

"Marahaba, Kasiani."

Shikamoo nilishaitoa nusu saa nzima iliyopita, mie mwenyewe nimeshaisahau.

Jirani yetu alikuwa Mwishehe, dobi, mtu wa kuanika mashuka na habari kwenye kamba moja. Akaniinamia.

"Mie sisemi kitu. Lakini huo mkono wako, Kasiani, umezidi tangu lini?"

"Tangu nihamie hapa."

"Mie sisemi kitu."

Akarudi kwenye pasi yake ya mkaa, akaniacha nachemka. Nikaanza kuunganisha. Mama hasemi. Mama anazunguka. Mama ana jiwe jeupe, anatema maji kwenye shina la mti, na mlango wa chumba changu unatazama pale pale! Mkono wangu umefungwa mle kwenye miduara. Nimevuka bahari, nimerudi mzima, ninakuja kumalizwa na ufagio.

Bernadeta alikuwa ameleta maji ya baraka kutoka misheni wakati wa Pasaka. Kesho yake alipokwenda bombani, nilifungua kabati, nikatoa chupa. Nilingoja Bi Mwanakombo amalize uwanja wake na aingie ndani. Kisha nikavaa buti za Burma, kwa sababu mtu haendi vitani na kandambili, nikashuka.

Nilinyunyiza kutoka ukingoni mpaka kwenye jiwe, huku nasali Baba Yetu kwa sauti ya paredi na kukanyaga kila mduara. Harufu ya maji ilikuwa kali kidogo. Nikasema moyoni, hiyo ndiyo nguvu yenyewe. Kuku wakaja kunusa, wakaondoka wameinua shingo kama waliotukanwa.

Bi Mwanakombo akatoka.

"Kasiani. Uwanja wangu unaufanyia nini?"

"Nauvunja uchawi wako, mama!"

Pasi ya Mwishehe ilinyamaza. Yeye mwenyewe akatokeza jicho moja kati ya mashuka mawili. Bi Mwanakombo alinitazama buti, akanitazama chupa, akanitazama uso. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akakaa kizingitini na kujifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Mchawi gani anafanya kazi asubuhi kweupe, barabarani, mbele ya dobi?"

Kwa kweli hilo swali nilipaswa kujiuliza mwenyewe jana.

"Kaa chini," akasema. "Mie nilikuwaga na hasira, Kasiani. Yule mume wangu wa kwanza alikuwa akikohoa tu, mie nimeshavunja chungu. Nyumba nzima tukawa tunapikia vigae. Bibi yangu kule Mbweni akanipa ufagio. Akaniambia, jaza maji mdomoni, anza katikati, zunguka, usimeze wala usiteme mpaka ufike mwisho. Maji yapo mdomoni, utamtukana nani? Inabidi upumulie pua, polepole. Na macho lazima yafuate mstari, maana ukipinda mmoja, wote wanaofuata wanapinda. Ukifika mwisho unatafuta ile hasira, huioni. Uchawi wenyewe ndio huo."

"Kila siku?"

"Hasira inalala siku gani?"

Kisha akasimama, akaninyooshea ufagio.

"Umeuvuruga, utaufagia. Siku saba. Na funda la maji, vile vile kama mie. Hutaki, katafute chumba."

Nilifungua mdomo kusema kwamba mwanajeshi hafagii uwanja wa mwanamke. Bernadeta alikuwa anaingia na ndoo kichwani, amesikia ile adhabu yangu.

"Atafagia, Bi Mwanakombo," akasema, wala hakuitua ndoo.

Siku ya kwanza nilimeza maji kabla ya mduara wa tatu. Nikachota mengine. Mwishehe akapaza sauti: "Jamani njooni, askari wa keya wanafagia!" Nikacheka, maji yakaruka mpaka kwenye shuka la mteja wake. Hilo ndilo jema pekee lililotokea siku hiyo. Miduara yangu ilikuwa kama njia ya mlevi aliyesahau kwake ni wapi.

Siku ya pili nilifika mwisho, lakini nilikuwa nimemtukana Adelard kichwani njia nzima. Bi Mwanakombo alitazama uwanja, akaniambia, "Hapa ulikuwa na mtu." Akanionyesha kwa kidole pale mistari ilipopinda. Jioni hiyo Bernadeta alikuwa anapekua kabati, anauliza nani kagusa chupa zake. Mie nikajifanya nanoa patasi.

Siku ya tatu sijui niieleze vipi. Nilianza kwenye jiwe. Pumzi ikaingia puani, ufagio ukaenda. Pumzi ikatoka, ufagio ukarudi. Burma ikaja, kama inavyokujaga: mvua, matope, rafiki yangu mmoja anayeniita jina. Siku zote ikija namjibu, tunaanza kuzungumza, na mkono unaanza. Lakini safari hii mdomo ulikuwa na maji. Sikuweza kumjibu. Nikamtazama tu, kwa heshima, akapita, akaenda zake. Nami nikafuata mstari wangu.

Nilipotema maji kwenye mpapai, nikageuka nikatazama uwanja. Pale chini palikuwa na ua. Duara ndani ya duara, petali pande zote. Sikulipima kwa bikari. Mkono wangu ndio uliolichora, mkono huu huu.

Sikungoja. Nilikwenda mtungini nikachota funda lingine, nikakaa kibarazani, nikaweka ncha ya patasi katikati ya mninga.

Siku ya tano nikiwa petali ya tisa, Bwana Jamali akatokea. Nilimwona kwa pembe ya jicho.

"Fundi, tutawahi?"

Sikujibu. Mashavu yamejaa.

"Fundi, una jino?"

Nikatikisa kichwa. Pumzi ndani, patasi mbele. Pumzi nje, patasi nyuma. Aliuliza hili, akauliza lile, akajijibu mwenyewe mara mbili. Mwisho alichoka kuzungumza peke yake, akakaa kwenye ngazi, akatazama uwanja uliofagiwa. Alipoondoka alizunguka kwa pembeni, asikanyage mistari, na petali ya tisa ilikuwa imekaa mahali pake kama imezaliwa pale.

Zile siku saba zikaisha, na hakuna aliyekuja kuninyang'anya ufagio. Nikaendelea.

Siku mbili kabla ya harusi, Bwana Jamali alikuja na mkokoteni kuuchukua mlango. Alipitisha kiganja juu ya lile ua, akazunguka nalo mpaka katikati. Akasema, "Binti yangu atapita chini ya hili." Halafu akanishika mkono wa kulia, akaugeuza juu chini kama anayekagua kitambaa.

"Huu ndio ule mkono uliokuwa unatetemeka? Ulipata dawa gani?"

Na hapa nakiri kwa mara ya pili. Mwishehe alikuwepo, na watu wa mkokoteni walikuwepo. Mtu aliyepigana Burma atasemaje mbele za watu kwamba ametulizwa na ufagio? Nikavimba kifua.

"Maji ya baraka, Bwana Jamali. Niliyanyunyiza uwanja mzima. Kuanzia siku ile mkono ukaanza kutulia."

"Maji?" Bi Mwanakombo alikuwa anachambua mchele mlangoni. Ungo ukasimama hewani. "Siku zote umezunguka lile jiwe kama punda wa kinu cha mafuta, leo unasema maji?"

"Ufagio ulisaidia kidogo, mama. Sikatai."

"Kidogo!"

"Mie sisemi kitu," akadakia Mwishehe, "lakini maji ya misheni yana nguvu. Siku ile hata mie huku kwangu niliisikia harufu."

"Mnaona?" nikasema. "Shahidi huyo! Harufu ile, nyie mmewahi kuisikia kwenye maji ya bomba? Hata kuku walijua."

"Kuku ndio mashahidi wako?"

"Mama, ufagio ni vijiti tu. Nguvu ilikuwa kwenye chupa!"

Bernadeta akatoka jikoni, anafuta mikono kwenye kanga, harufu ya maembe mabichi na pilipili imemfuata mpaka nje. Alimwamkia Bwana Jamali kwa adabu zote, kisha akanigeukia.

"Mume wangu, maji ya baraka yako nyuma ya picha ya Bikira Maria, kizibo hakijaguswa tangu Pasaka. Uliyomwaga uwanjani ni siki yangu ya achari."