Posta Imefungwa

Mshauri alikuwa ameshapanga viti kabla hatujaingia. Nilipoona kiti kimoja kimebaki katikati, kati ya baba na kaka, nikakiendea bila kuambiwa, kama ng'ombe anayejua zizi lake.

"Wewe hapana," akasema. Alikuwa mama mtu mzima, miwani yake imefungwa kwa uzi. "Kaa kule karibu na mama yako. Leo hubebi neno la mtu."

Nikaenda kukaa kando ya kiti cha magurudumu cha mama. Sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Nyumbani kaka alinibatiza Posta. Baba ni seremala, na kaka alifundishwa kazi tangu mikono yake ilipoweza kushika randa. Miaka mitatu iliyopita aliondoka karakanani kwa baba, akaenda kwa watu wanaotengeneza madirisha ya alumini. Tangu siku hiyo hawakusemezana, ingawa tunalala nyumba moja na kula meza moja.

"Mwambie Bwana Alumini asogee, ananizibia mwanga."

Kaka yuko hapo hapo, anasikia. "Mwambie mzee nimesogea."

Nami nasema. Nisiposema, hakuna anayesogea.

Mwaka jana mama akapooza upande wa kulia. Kumgeuza, kumwosha na kumlisha kukawa kazi yangu, na maneno yao bado nilibeba. Mwezi uliopita nilishikwa na homa, nikalala siku mbili. Baba alijua dawa za presha za mama zimeisha. Kaka naye alijua. Kila mmoja akangoja niamke nimwambie mwenzake akazichukue. Mama akazidiwa. Muuguzi aliyetupokea hospitali hakutugombeza. Aliandika tu kwenye karatasi: familia yote, kwa mshauri, kila Alhamisi.

Hii ilikuwa Alhamisi ya tatu. Mbili za kwanza baba alizimaliza akitazama dari, akikagua mbao.

"Mzee," mshauri akasema, "mtazame mwanao. Mwambie jambo moja tu unalomshukuru."

Baba akakohoa. "Namshukuru..."

"Mwambie yeye. Mimi sihusiki."

Baba akageuza shingo kidogo, kama mlango wenye bawaba zilizoshika kutu. "Nakushukuru kwamba ulipoondoka uliomba radhi. Lakini hukuja mwenyewe. Unamtuma mtoto, halafu unanipita mlangoni kama unapita nguzo. Hilo ndilo lililoniuma."

"Radhi gani?" kaka akauliza.

Nikainama nikajifanya nafunga kamba za kiatu.

"Mimi sikuomba radhi, baba. Wewe ndiye uliyesema unanitakia heri. Nikajiuliza, kama ananitakia heri, mbona hata hanitazami? Nikakuona mnafiki."

"Nani alikutakia heri?"

Wote wakanigeukia. Uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni, ningeweza kuutoa. Lakini uongo nao ni kazi. Unautunga, unaukumbuka, unautunza kila siku, na mimi kazi nilizokuwa nazo zilinitosha.

"Kaka alisema ubaki na mbao zako, ziliwe na mchwa," nikasema, macho yangu sakafuni. "Sikuweza kukupelekea hilo, baba. Nikasema anaomba radhi. Na wewe ulisema asikanyage karakanani, hata viatu vyake vya kazi asivifuate. Nikamwambia unamtakia heri."

Miaka mitatu nilidhani ninawapoza. Kumbe kila mmoja alikuwa ameketi akingoja mwenzake atimize neno nililolitunga mimi jikoni, nikiosha vyombo.

Mama akanyanyua mkono wa kushoto, akaniwekea gotini. Maneno yake siku hizi hutoka moja moja, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo.

"Mtoto... amechoka," akasema.

Nikangoja nigombezwe. Baba alikuwa anamtazama kaka, macho kwa macho.

"Mchwa?"

"Nilisema, baba. Nilikuwa na hasira."

"Mvule hauliwi na mchwa, mjinga wewe! Miaka yote ile nilikufundisha nini?"

Kaka akainamisha kichwa, mabega yakamtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, au vyote viwili, sikuweza kujua.

"Na viatu vyangu?"

"Viko chini ya meza ya kazi. Vimejaa unga wa msumeno."

Hawakukumbatiana. Mshauri akawauliza kumgeuza mama ni zamu ya nani, nao wakabishana mpaka muda wetu ukaisha. Akaandika: asubuhi kaka, jioni baba, dawa baba. Alipofika kwangu akaandika neno moja, "alale", akalipigia mstari.

Tulifika nyumbani jua bado kali. Nikajilaza mkekani na viatu vyangu miguuni. Chumbani kwa mama nikamsikia baba.

"Mwambie..." Akanyamaza. Nikafumba macho.

Kitanda kikalia.

"Shika miguu," baba akasema. "Siyo hivyo! Huyu si dirisha."

"Na wewe hujabeba gogo, mzee. Polepole."

Kitu laini kikaanguka. Nilijua ni mto wa mgongoni, na nilijua wataurudisha vibaya, upande wenye fundo. Mama atawaambia mwenyewe, neno moja moja. Sikuinuka.