Alama ya Chaki Pajani

Fundi cherehani alikuwa amekanyaga pedali miaka arobaini, na hakuna kiumbe aliyewahi kuuita mguu wake mvivu. Leo, siku ya pili tu tangu awekewe goti la bandia, bwana wa mazoezi ya viungo ameandika kwenye faili: "Mgonjwa amegoma mazoezi."

"Nimegoma?" Fundi aliruka, ingawa kilichoruka ni kuanzia kiunoni kwenda juu. "Mwanangu, mguu huu kama nimeuazima! Ukiuchoma moto, nitajua kwa harufu!"

"Mama, wote mnaogopa maumivu."

"Maumivu gani? Sina! Nilichokosa ni nguvu."

Jamaa akafunga faili. Mgonjwa aliyegoma, akasema, hapasuliwi goti la pili. Na hilo la pili la Fundi lilikuwa likilia kama mlango usiotiwa mafuta.

Kwenye kitanda cha jirani, Mwalimu mstaafu, aliyepasuliwa goti asubuhi moja na Fundi, alikuwa ananyanyua mguu wake kama askari wa gwaride.

"Shoga, wewe sindano ya ganzi walikuchoma wapi?" Fundi akamuuliza.

"Hapa, katikati ya paja."

Fundi akafunua shuka. Plasta yake ilikuwa juu kabisa, kwenye kinena.

Damu ikamchemka. Aliibonyeza kengele mpaka wakaja wauguzi wa jengo la pili. "Niitieni mtu wa ganzi! Na huyo mwandishi arudi na kalamu yake!"

Daktari wa ganzi alizitazama plasta mbili, akashusha pumzi. Sindano ya kinenani, akaeleza, huzima maumivu na kuilegeza misuli inayonyoosha goti. Ya katikati ya paja huzima maumivu, nguvu nyingi ikabaki. Siku ya upasuaji walikuwa zamuni madaktari wawili wa ganzi, kila mmoja na mazoea yake.

"Mazoea!" Fundi akafoka. "Nikimshonea mteja suruali, mguu mmoja mrefu mwingine mfupi, nimwambie mazoea? Halafu mvivu niandikwe mimi! Ningesimama nikaanguka, mngeandika nimejitupa?"

Bwana wa mazoezi akakata mstari wake, akaandika upya: "Mguu umelegezwa na ganzi."

"Soma kwa sauti, Mwalimu asikie."

Akasoma.

Miezi mitatu baadaye, Fundi aliingizwa chumba cha upasuaji kwa goti la pili. Daktari wa ganzi akafunua paja, akakuta msalaba wa chaki ya kushonea, umepimwa kwa tepu, na maneno chini yake: "Hapa. Ukipanda juu, tutaonana wodini."