Ukoko wa Idalina

Saa sita na dakika kumi, siku ya Jumanne, Idalina Pol aliinua kifuniko cha sufuria, akaonja chembe tatu za wali, akapunguza moto. Upande wa pili wa ukuta wa uani, jirani yake Amparo Lebrón alikuwa anakata parachichi na kusubiri. Wali wake anao, umeshaiva. Alikuwa anasubiri ukoko. Mwanawe alimletea sufuria ya umeme, chombo kizuri, king'avu, chenye taa mbili, ila hakitoi ukoko hata ukikilaani. Na katika mtaa wa Villa Carmela, mtu aliyekula wali na maharage na nyama bila ukoko wa kusindikizia hahesabiwi kuwa amekula.

Basi kwa miaka sita, kila adhuhuri, Idalina alikwangua sufuria yake ya chuma, akaumega ukoko vipande viwili, kile kinene akakitia kwenye sahani nyeupe ya bati yenye ukingo wa buluu, akaifunika kitambaa na kuiweka juu ya ukuta. Amparo naye hakuwahi kuirudisha sahani tupu. Leo maharage, kesho ndizi za kukaanga, siku mbaya malimau mawili. Sahani ya jirani hairudi tupu. Mtoto wa mtaa ule hulijua hilo kabla hajalijua jina lake kamili.

"Shoga, leo umechelewa," Amparo alisema kwa juu ya ukuta. "Nitakufia hapa uani."

"Ufe tu. Parachichi nitalirithi."

Amparo akacheka. Ndipo dhumna za dukani zikanyamaza.

Pale kwa Leocadio, kwenye kona, wanaume hupiga dhumna toka asubuhi, na jinsi wanavyozibamiza mezani mgeni angedhani wanavunja nyumba. Mtu wa mtaa hazisikii tena. Husikia zinapokoma tu. Zilikoma, redio ikapunguzwa, na lori likaingia mtaani taratibu. Lile la askari wa uhamiaji, lenye wavu wa chuma ubavuni, na vidole vya watu vimeshika wavu.

Amparo alijifungia jikoni. Hakujua alifikaje kule. Alisikia buti zikipita mlangoni pake, zikaenda kugonga kwa Idalina.

Idalina alizaliwa katika nyumba ile ile, juu ya kitanda kile kile alicholalia hadi Jumanne hiyo. Baba yake alivuka mpaka akiwa kijana kuja kukata miwa, akaikata miaka arobaini, na kaburi lake liko nyuma ya kanisa. Idalina alikuwa na karatasi yenye muhuri iliyosema kwamba amezaliwa hapa. Karatasi hiyo haikukaa kwake, maana paa lake ni la mabati na linavuja. Ilikaa kwa Amparo mwenye paa la zege, ndani ya kopo la biskuti, juu ya kabati. Hakuna aliyeona ajabu. Villa Carmela kila mtu ana kitu chake kwa mwenzake.

"Amparo!" Idalina aliita toka barabarani. "Kopo, shoga! Niletee kopo!"

Kopo Amparo alikuwa nalo tayari, amelikumbatia kifuani. Kutoka jikoni hadi mlango wa mbele ni hatua tisa. Lakini mama yake Amparo naye alizaliwa kwenye kambi ya miwa, jina lake la ukoo halikuwahi kukaa vizuri mdomoni mwa makarani, na weusi wake na wa Idalina ulitoka chungu kimoja. Wakianza kuuliza, wataacha kuuliza wapi?

"Amparo! Umo ndani, parachichi lako nalinusa!"

Miguu ikagoma. Mara ya tatu Idalina hakusema kopo. Aliita jina tu. Kisha mlango wa lori ukafungwa, lori likaenda zake, na baada ya muda dhumna zikaanza tena, kwanza moja, halafu zote.

Kwa mwoga huenda kicheko, Amparo alijiambia. Alikaa jikoni mpaka jua likashuka, akikisubiri kicheko, nacho hakikuja.

Jumatano saa sita na nusu sahani ilikuwa juu ya ukuta.

Amparo aliitazama toka dirishani. Nyumba ya Idalina ilikuwa imefungwa kwa mnyororo na kufuli, jiko limezimwa, na paka alikuwa amelala juu ya kizingiti. Kitambaa kilikuwa kile cha maua mekundu. Alipotoka na kukigusa kilikuwa cha moto. Chini yake ulikuwapo ukoko, kile kipande kinene, rangi ya hudhurungi, mafuta bado yanachemka pembeni.

Leocadio mwenye duka alikuwa amemletea vitunguu. Akachungulia.

"Idalina amepika," alisema. "Chumvi vipi?"

"Sijaonja."

Akamega kidogo, akatafuna. "Imekaa. Huwa anazidisha." Akaweka vitunguu mezani, akaenda zake.

Amparo aliula kwa sababu chakula hakitupwi, na kwa sababu aliogopa kutoula. Kila alipotafuna, mlio ulimjaa masikioni, akahisi mtaa wote unausikia. Alipomaliza aliosha sahani, akatia maharage, akairudisha ukutani na kukimbilia ndani kama mwizi. Jioni ile sahani haikuwapo.

Alhamisi sahani ikaja tena. Moto, kitambaa cha maua, kipande kinene. Hapo hofu ikamkaa hasa. Maana Idalina alikuwa na ulimi, tena ulimi wa wembe. Mwaka juzi Amparo alichelewa kumrudishia mwiko siku mbili, na mtaa mzima uliambiwa, pamoja na padri. Mwanamke wa namna hiyo angeweka jiwe kwenye sahani, au mavi ya kuku, au angeutia ukoko pilipili ya kumtoa mtu machozi. Angefanya hivyo, Amparo angelala usingizi. Lakini ukoko ulikuwa mtamu kuliko wa Jumatatu.

Basi siku hiyo Amparo alilishusha kopo. Aliitoa karatasi, akaibusu, akaikunja mara moja, akailaza kwenye sahani. Pembeni akaweka nusu parachichi, ili sahani isiende na karatasi peke yake, maana karatasi hailiwi. Akaifunika. Akasema kwa sauti ya chini, "Hii hapa, shoga. Ichukue. Nisamehe." Jioni ile mvua ilinyesha, ile ya kuvunja matawi.

Ijumaa asubuhi sahani haikuwapo, wala parachichi. Karatasi ilikuwapo. Imelala juu ya ukuta, kavu kabisa, na juu yake kumewekwa kijiwe ili upepo usiichukue. Idalina alikuwa mtu wa mpangilio.

Adhuhuri ukoko ulikuja kama kawaida.

Amparo alikwenda dukani. Leocadio alikuwa amefungua bia iliyovaa nguo ya bi harusi, nyeupe kwa barafu toka shingoni hadi chini, na wanaume wanne waliitazama kwa heshima kabla ya kuimimina.

"Haichukui karatasi," Amparo alimwambia pembeni.

"Haiwezi," alisema Leocadio. "Wali unaijua njia. Karatasi haina miguu, dada Amparo, inapelekwa. Wako kwenye lile ghala la zamani la sukari, njia ya kusini. Basi la mpakani linaondoka kesho saa nane. Mjomba wa kinyozi alipelekewa karatasi yake, wakamwachia."

"Nenda wewe, Leocadio. Wewe huna mtu wa kambi ya miwa."

Leocadio alifuta kaunta iliyokuwa safi. "Mimi nina duka," alisema.

"Mwenye duka haendi, mwenye kopo haendi," alisema mmoja wa wacheza dhumna bila kuinua macho. "Mnataka nani aende, paka?"

Mwenzake akabamiza dhumna, mchezo ukaendelea.

Jioni hiyo watu walitoa viti vyao vya kubembea barabarani kama kawaida, maana umeme ulikuwa umekatika na ndani hakukaliki. Kiti cha Idalina kilikuwa kimefungiwa ndani, lakini mahali pake paliachwa wazi, na hakuna aliyesogea kupajaza. Umeme uliporudi mtaa mzima ulipiga kelele ya furaha, watoto na vikongwe, kwa sauti moja, kama wanavyofanya kila siku. Amparo hakushangilia. Taa ya barabarani ilikuwa imemwangukia usoni, na aliona kila mtu anaweza kumwona.

Jumamosi alivaa gauni la kanisani, akanywa kahawa kwa kusimama. Ilikuwa kahawa nzuri. Alishangaa kwamba bado anaionja. Akatia karatasi mbili kwenye mkoba, ya Idalina na ya kwake, akatoka. Alizihesabu hatua tisa za hadi mlangoni, akaona kumbe si nyingi. Alipita dukani, na Leocadio alimwinulia kofia. Safari hii miguu ilikwenda, na kila nyumba aliyoipita ilimwongezea nguvu kidogo. Nampelekea, alijiambia. Atanitukana mpaka mpakani na kurudi, na nitamwacha anitukane.

Lori lilikuwa kwenye kona ya duka la dawa.

Askari aliyemsimamisha alikuwa kijana mwenye adabu, ana kikombe cha kahawa mkononi. "Shikamoo, mama. Naomba karatasi."

Amparo alifungua mkoba, karatasi zikatoka zote mbili. Kijana alichukua ya Amparo kwanza. Jina la mama yake alilisoma mara mbili, mara ya pili midomo ikicheza. Nyuma yake vidole vilikuwa vimeshika wavu, vya mwanamume mmoja na vya wanawake wawili, na vyote vilikuwa vimetulia, vinasikiliza.

"Na hii nyingine?"

"Si yangu."

"Ya nani?"

"Sijui. Niliiokota."

Kijana akaisoma kwa sauti, pole pole. "Idalina Pol. Mzaliwa wa Villa Carmela. Wewe si unatoka Villa Carmela, mama? Humjui?"

Jua lilikuwa linawaka. Kutoka mahali fulani karibu ilitoka harufu ya wali unaokaukia.

"Simjui," alisema Amparo.

Kijana aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwa shati, nyuma ya kalamu. Ile nyingine akamrudishia kwa mikono miwili. "Hii tutaitunza sisi. Nenda nyumbani, mama, jua kali."

Alirudi. Alipopita dukani Leocadio hakuinua kofia. Alikuwa ameinama kutafuta kitu chini ya kaunta, akakitafuta mpaka Amparo alipokwisha kupita.

Saa sita na nusu Amparo alikuwa amekaa uani, ameupa ukuta mgongo. Aliomba sahani isije. Kisha akaogopa kwamba haitakuja. Aliposikia bati likigusa zege aligeuka polepole.

Kitambaa hakikutosha kuifunika sahani. Chini yake ulikuwapo ukoko mzima, duara kamili la sufuria, haukumegwa popote. Kwa miaka sita Idalina alikuwa anaumega vipande viwili, kimoja cha Amparo, kimoja chake. Siku ile hakujiachia hata punje.

Amparo alilia, kisha akala wote, kwa kuwa ulikuwa wa moto.

Sasa ni mwaka wa pili. Basi liliondoka saa nane ile ile, likavuka mpaka, na Idalina alishushwa katika nchi ambako hamjui mtu wala hajui lugha. Ukoko huja kila adhuhuri, mzima. Umebadilika ladha kidogo, una moshi, na Leocadio anasema huko aliko anapikia kuni. Baadhi ya siku ni mwembamba, na watu wa mtaa huuliza kwa upole kama mchele umepanda bei upande ule. Amparo hurudisha maharage, samaki, siku ya Pasaka maharage matamu yenye maziwa na karafuu, na vyote hufika, maana sahani hurudi imeoshwa. Samahani huiweka pia, anaiandika kwenye vikaratasi. Asubuhi huvikuta juu ya ukuta, vikavu, chini ya kijiwe.

Lori bado hupita Jumanne. Dhumna zikinyamaza Amparo huingia jikoni. Karatasi yake huivaa kifuani chini ya nguo, mchana na usiku, na wakati wa joto hutoka jasho mpaka wino unafifia. Jirani mpya, si wa nyumba ya Idalina bali wa upande mwingine, mama mmoja mpole mwenye paa zuri la zege, alijitolea kumtunzia. Amparo alimshukuru sana, akakataa. Anawajua majirani.

Lori likishapita hutoka uani, na sahani inamsubiri, ya moto. Hukaa akala, akiusikiliza mlio mdomoni mwake. Kisha huiosha, huifuta, na kutafuta cha kutia.