Seli Zilizopandwa Mbalimbali

Hisae alichungulia kwenye hadubini, akasonya. Kila seli ya moyo iliyokuwa kwenye kisahani ilidunda kivyake, kama wapiga ngoma waliogombana.

"Wakana! Mbona umezipanda mbalimbali hivi?"

"Nilitaka zipate nafasi, Dada," mtafiti mpya akajibu, ameinama.

"Nafasi! Kwani ni abiria? Umeme wa moyo hauruki hewani, mama. Unapita kwenye vitundu, kutoka seli moja hadi jirani yake. Zisipogusana, hazipashani habari."

Alitaka kukitupa kisahani, lakini Wakana akamsihi asubiri.

Siku ya tatu, seli mbili zilikuwa zimejinyoosha mpaka zikakutana. Zilidunda pamoja, bila kupishana hata kidogo. Hisae alizitazama mpaka chai yake ikapoa.

Adhuhuri, watafiti walifungua vyakula vyao, kila mtu mezani pake, kimya, kama ilivyokuwa desturi ya maabara ile ya Kyoto. Kwa miaka kumi na mmoja Hisae alikula hivyo. Leo alibeba kisanduku chake cha wali na samaki hadi kwa Wakana.

"Sogea," alisema. "Na usidhani nimekusamehe."