Siku Saluni Iliponyamaza

Mke wa diwani wa chama tawala alipoketi asukwe, gumzo la saluni lilikatika ghafla. Mafuta ya kupikia yalikuwa yamepanda bei tena, naye alitarajia maneno ya kila mara ya wanawake wenzake: “Mwambie mumeo tunakaangia mate!” Leo hakuna aliyemtuma kwa mumewe.

“Jamani, leo hamnisemi?” aliuliza, akacheka peke yake.

Msusi, ambaye ni wifi yake, alisuka hadi nusu ya kichwa, kisha akamwinamia sikioni. “Walipokugombeza, wifi, walikuwa bado wanamtegemea kaka. Wakinyamaza, ujue wameshaamua.”

“Wameamua nini?”

“Siku ya matokeo ya uchaguzi, kaka asilale nyumbani. Watoto walete kwangu.”

Alitamani kukimbia, lakini kichwa kilikuwa kimesukwa nusu, na kwenye kioo wanawake wote walikuwa wakimtazama.