Moyo Wangu ni Mzima

Ebenezer, afisa utumishi wa kampuni yetu ya kokoto, ana mwandiko mzuri kuliko busara yake. Nilipokwenda kujaza fomu ya kuumia kazini, alinisomea, "Sehemu ya mwili iliyoumia?" Nikajibu kama ambavyo mtu yeyote angejibu: moyo. Naye akaandika Moyo, akapiga na mstari chini yake.

Basi nikapelekwa kupimwa moyo. Nikabandikwa waya kifuani, nikatembezwa juu ya mashine hadi nikatweta. Majibu yakatoka: moyo mzima kabisa, hata wa kuazimisha. Wiki iliyofuata nikaletewa barua nyumbani Makole kwamba sina ugonjwa, na Jumatatu nirudi kwenye mashine ya kuponda mawe, la sivyo nitahesabiwa mtoro.

Mashine hiyo ndiyo iliyomuua Matonya, mwenzangu wa zamu, mimi nikiwa nimesimama kwenye swichi. Ni miezi minne sasa. Bajaji ikinguruma nje, naganda na kijiko mkononi, jasho linanitoka. Nilijaribu kurudi kazini mara moja. Getini miguu ikagoma, nikarudi nyumbani nikijichukia.

Daktari Respicius, wa magonjwa ya akili, niliyemwendea baada ya barua hiyo, alinisikiliza bila kutazama saa.

"Umeumia kazini sawasawa na aliyekatika kidole," alisema. "Ripoti nitaandika. Lakini fomu lazima iseme akili. Huo moyo wako hauna kesi."

Shangazi aliposikia akashika kichwa. "Anjelina mwanangu, usikubali neno hilo liandikwe. Watakuita chizi kuanzia hapa mpaka mtaa wa Kikuyu!"

"Shangazi, waniite tu. Kwenye ile mashine sirudi nikiwa hivi."

Jumatatu nikaenda ofisini Area D, ripoti mkononi, nikaomba fomu mpya. Ebenezer akaipekua ripoti kana kwamba ingemng'ata.

"Dada Anje, nakuonea huruma. Ukiandika akili, nani atakuajiri tena? Tuweke presha basi."

"Presha sina. Andika akili, au nipe kalamu."

Akanipa kalamu. Nikaandika AKILI kwa herufi kubwa, nikashuka kwenye nafasi ya maelezo ya ajali. Hapo kalamu ikakwama kwenye jina la Matonya. Hasira ndiyo iliyonisaidia kuendelea.

Niliandika kwamba Matonya aliingia kutoa jiwe lililokwama. Mkanda ukaanza kutembea wenyewe. Akaniita, "Anje, zima!" Nikazima, haikuzimika. Nikabonyeza tena na tena hadi akaacha kuita.

Ebenezer alisoma taratibu, akavua miwani. "Hili la swichi litatuletea maneno. Sema tu kwamba uliogopa, ukachelewa. Fidia utapata vilevile."

Hayo ndiyo niliyokuwa nikijiambia kila siku tangu tumzike: niliogopa, nikachelewa, nikamuua. Nikaivuta fomu nikaisoma upya. Kwa mwandiko wangu mbovu, palikuwa pameandikwa nikazima.

"Sikuchelewa," nikasema. Sauti ilikuwa yangu, na ilikuwa kubwa. "Aliponiita, nilizima. Gonga mhuri, Ebenezer."

Akagonga. Nami nikalia palepale mbele yake, bila haya, nikimlilia Matonya kwa mara ya kwanza.