Bendera Nyekundu Mlangoni kwa Mkwe

Werema alijiponza mwenyewe, na hilo tuliseme mapema asije mtu akamwonea huruma bure.

Mwaka ule wa hamsini na nne alikuwa kibarua wa barabara ya kwenda Sirari, yeye na wenzake kumi na mmoja, chini ya nyapara Nyangwine, mzee mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Kambi yao ilikuwa na desturi yake. Krismasi ikikaribia, kabla watu hawajatawanyika kwenda makwao, walitoa siku mbili za kazi ya bure kwa mtu mmoja asiye na wa kumsaidia, katika vijiji walivyopitisha barabara. "Mwaka mzima tumekunywa maji yao na kula viazi vyao," Nyangwine alikuwa akisema. "Hatuwezi kuondoka kama nzige."

Sasa, Werema alikuwa na shida nyumbani. Mama mkwe wake, Waisiko, mjane wa kule Susuni, alikuwa akinyeshewa ndani ya nyumba yake kwa mwaka wa pili, na Kezia, mke wa Werema, alikuwa amechoka na ahadi. "Mkesha wa Krismasi naenda kwa mama na watoto," alimwambia mumewe. "Nikikuta paa linavuja, sirudi mpaka liache kuvuja. Utajipikia." Kezia hakuwa mtu wa kutisha watu kwa mchezo. Na Werema alimpenda mno mkewe. Akimkosa wiki moja tu hata ugali haukupita.

Basi akala njama. Alimvuta pembeni Heche, mpiga domo wa kambi, akamwambia kuna mama mmoja Susuni, karibu na daraja, hana mtoto wa kiume, na paa lake limekuwa chujio. Jina hakulitaja, maana jina la mkwe halitajwi. Heche naye hakuuliza, maana Heche hana nafasi ya kuuliza, muda wote anaongea yeye. Jioni ile akamtetea yule mama mbele ya wenzake mpaka machozi yakamlengalenga. Nyangwine akakubali, na Werema akapiga makofi kuliko wote.

"Vizuri," Nyangwine akasema. "Na kwa kuwa mwezekaji hapa ni mmoja tu, wewe Werema utapanda juu. Sisi tutakuletea nyasi."

Makofi yakakatika. Jamani, alikuwa amesahau! Mtu mzima kapanga yote hayo, kasahau kwamba Mkurya hakanyagi mlango wa mama mkwe wake, sembuse kumpandia juu ya kitanda na kuchungulia vyungu vyake! Angesema ukweli palepale mambo yangeisha. Hakusema. Aliogopa kuambiwa kwamba ameteka kazi ya kambi kwa faida ya nyumba yake, akajidanganya kuwa ujanja atauokota njiani.

Siku ya kwanza Nyangwine alichomeka uani kwa mjane bendera nyekundu ya barabarani, ile ya kuonya kuwa kuna kazi, kwa mazoea tu. Hata angechimba choo angeichomeka. Vibarua wakaishambulia nyumba, msonge mdogo wa udongo, wakaifumua nyasi zote zilizooza hadi zikabaki fito tupu. Werema hakuonekana. Alikuwa kwenye migomba, anaumwa tumbo.

"Lilikushika lini?" Nyangwine akamuuliza.

"Tulipofika tu, mzee."

Kesho yake, mkesha wenyewe, tumbo lilikuwa halijapona, kwa hiyo akapanda Heche. "Nimemwaga moramu barabarani mpaka mgongo umepinda," alijigamba. "Nyasi zitanishinda?" Akaanza kuzitandaza kuanzia kileleni akishuka chini, kama mtu anayefukia mashimo ya barabara. Kule migombani Werema alijiuma ulimi, akavumilia, kisha uvumilivu ukamwisha.

"Anza chini, mura! Chini ukingoni! Tabaka la juu lilalie la chini!"

"Ala!" Heche akajibu kutoka juu. "Tumbo lako limeota macho?"

Hakumaliza kucheka. Nyasi zote alizotandaza ziliteleza kwa mkupuo mmoja zikamfunika Nyangwine aliyekuwa ameshika ngazi. Mzee akajitoa humo akiwa na majani mpaka masikioni, akaenda moja kwa moja migombani.

"Tumbo gani hili linalojua kuezeka?"

"Mzee," Werema akasema, macho chini, "huyu ni mkwe wangu."

Vibarua wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Lakini hakuna hata mmoja aliyemwambia apande. Hilo nalo lazima lisemwe. Nyangwine alivua kofia akatazama angani. Upande wa ziwa wingu zito lilikuwa limeanza kupanda, nyumba ya mjane ilikuwa uchi, na Kezia alikuwa njiani.

Waisiko alikuwa ameketi kando ya ghala, khanga kichwani, mgongo ameipa migomba. Kila kitu amesikia. Miguuni pake kuku wa madoadoa alikuwa akidonoa.

"Wewe kuku," mama akasema, maana mtu na mkwe wake hawasemezani moja kwa moja, kwa sauti ya kumfikia hata kiziwi, "hivi mtu akikutana na mkwe wake barabarani, inakuwaje?" Kuku akadonoa. "Eeh, umenena. Wanageuza nyuso, wanapishana, kila mmoja anakwenda zake. Hakuna anayelaumiwa, maana barabara siyo nyumba ya mtu."

Akainuka, akaingia ndani. Akatoa vyungu, akatoa kibuyu, akatoa mafiga yote matatu, akamwamuru Heche atoe kitanda. Kisha akaing'oa ile bendera nyekundu uani, akaichomeka katikati ya mlango wake.

"Kuku, waambie hawa vibarua. Hapa mimi sina nyumba, hapa ni barabara mpaka jua litue. Naenda kwa jirani. Aliyeletwa kufanya kazi na asiifanye, shauri yake."

Nyangwine alitazama mafiga yaliyokuwa uani, akatazama bendera. "Bendera ikisimama ni kazi," akasema polepole. "Panda, mura."

Werema alipanda, na mikono ilipogusa nyasi ikaijua kazi yake. Wenzake walirusha matita, yeye akapanga na kufunga, tabaka juu ya tabaka, na ngurumo zikizidi kusogea. Alifunga kilele tone la kwanza likimwangukia puani. Akateremka mbio, akarudi migombani kwake, na Nyangwine akang'oa bendera. Mafiga na kitanda vikarudishwa ndani upesi.

Kezia alifika na watoto na mvua pamoja. Furushi lake halikuwa la siku mbili. Hadi mwiko ulikuwamo. Aliingia, akasimama katikati ya nyumba, viganja wazi, akingojea. Nje maji yalikuwa yakimwagika. Ndani hakuna hata tone. Akaanza kucheka peke yake, akautoa mwiko furushini na kumpa mtoto mkubwa auchezee.

Mvua ilipopungua Waisiko akarudi kutoka kwa jirani, kuku kwapani, akaketi mlangoni pake na kuigeuzia migomba mgongo.

"Kuku," akasema, "mwambie yule aliyelowa. Miaka sita naambiwa mwanangu kaolewa na mtu wa barabara. Nikawa najiuliza ni barabara gani hiyo isiyofika kwangu." Akamweka kuku sawa kwapani. "Mwambie leo imefika."

Werema alifurahi mpaka akaona haya. Naye akageuza mgongo. "Kuku, mwambie mama kwamba barabara isipotengenezwa kila mwaka inaharibika. Mwakani tuje na bendera?"

"Kuku amekubali," Waisiko akasema, akampa mjukuu yule kuku awapelekee vibarua, zawadi ya Krismasi.

Kule migombani Heche alikuwa ameshaanza kuuliza nani ana chumvi. Werema akamnyang'anya kuku na kumficha ndani ya koti lake.

"Huyu haliwi," akasema. "Mwakani nitaongea na mkwe wangu kupitia nani?"